Kafara Ambayo Mashine Iliikataa

Kazi yangu ni kuonja chai. Kila asubuhi kiwandani, huku upande wa Kericho, napanga vikombe kwenye meza ndefu, nachota kwa kijiko, navuta kwa kelele mpaka wageni wanacheka, halafu natema. Kikombe hakina habari kwamba mchumaji alinyeshewa, wala kwamba lori lilikwama kwenye matope na majani yakachelewa kufika. Chai ikiwa imeungua, imeungua. Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuniharibia tabia, na mume wangu husema siwezi kula ugali wa mtu bila kuutolea hukumu. Ndiyo maana nilipoonyeshwa injini ya sataranji kwa mara ya kwanza, niliipenda papo hapo.

Injini yenyewe ni programu tu ndani ya simu. Unaiingizia mchezo wowote, hatua baada ya hatua, nayo inakupa namba. Namba ikipanda juu ya sifuri, mweupe anaongoza. Ikishuka chini, mweusi. Mtu akikosea, namba inaporomoka na alama ya kuuliza inajitokeza kando ya hatua yake, na akikosea vibaya zinakuwa mbili. Haijali anayecheza ni mtoto wa shule au gwiji aliyezunguka dunia nzima akishinda vikombe. Mimi na rafiki yangu tuliiita mashine, na kwa miaka kadhaa ilikuwa mtu wa tatu kwenye urafiki wetu.

Rafiki yangu huyu nilizaliwa ukuta mmoja naye, kwenye nyumba za wafanyakazi za shamba la majani chai. Wazazi wangu walitoka ziwani kuja kuchuma, wake walishuka kutoka vilima vya Kisii, na tangu utotoni tunaitana jirani. Siku hizi ana duka la dawa za mifugo pale Ndanai, na wakulima wote wanamwita daktari ingawa yeye husema alisomea cheti tu. Sataranji tulijifunza pamoja kwenye ukumbi wa wafanyakazi, kwa ubao ambao malkia wake mweusi alikuwa amepotea na nafasi yake ikachukuliwa na kizibo cha chupa. Mimi nilicheza kwa uangalifu. Yeye alicheza kama mtu anayegawa mali yake.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa naenda kwake. Tulikaa nyuma ya duka, katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, na kitabu kikuukuu cha michezo ya magwiji ambacho kilishapoteza jalada. Tulikuwa na utaratibu. Mmoja anafunika hatua inayofuata kwa kipande cha boksi la dawa ya minyoo, mwingine anakisia gwiji alicheza nini, kisha tunabishana mpaka chai inapoa. Simu ilitolewa mfukoni mwisho kabisa. Kanuni hiyo ilikuwa yake. Alisema ukiuliza mashine mapema, ni sawa na mgonjwa anayesomewa jina la ugonjwa kabla hajasema anaumwa wapi.

Yeye alipenda kafara. Mtu anatoa ngome yake bure, au farasi, au malkia mwenyewe, ili amfungue mfalme wa mwenzake. Kitabu kilizisifu hatua hizo kwa alama mbili za mshangao na maneno ya kifahari. Halafu mimi naingiza mchezo kwenye simu, tunasubiri kidogo, na mara nyingi mno zile alama mbili za mshangao zinageuka kuwa alama mbili za kuuliza. Ile ngome iliyosifiwa miaka nenda miaka rudi ilikuwa imetupwa tu. Kulikuwa na jibu, kwa kawaida hatua ndogo isiyo na mbwembwe, na kama mpinzani angeiona, gwiji angeaibika mbele ya watu.

Nakiri kwamba nilifurahi kila mara. Kulikuwa na Jumapili moja tulipokuta kafara ya namna hiyo, ya gwiji ambaye jirani alimheshimu kuliko baadhi ya wachungaji, na mashine ikaipa minus nne. Nilicheka mpaka mkewe akachungulia kujua kuna nini.

"Alishinda, jirani," aliniambia.

Nikamwambia alishinda kwa sababu mwenzake alichemka.

"Mwenzake alichemka kwa sababu ya hiyo kafara. Huyo mtu alikuwa amekaa pale na jasho, saa inakimbia, mfalme wake uchi. Mashine yako haijawahi kuogopa. Itajuaje?"

Nilimjibu kwamba chai mbaya ukiitia sukari nyingi inanyweka, lakini inabaki kuwa chai mbaya. Hakukasirika. Alinimiminia chai nyingine, yenye sukari nyingi, na tukafungua ukurasa uliofuata.

Nayaeleza haya kwa sababu ya Jumamosi moja ya mvua mwaka jana, kwenye mashindano ya wazi ya chama chetu. Yalifanyika katika ukumbi wa shamba mojawapo la chai, ukumbi wenye paa la mabati na madirisha marefu yanayotazama michai. Mimi sikucheza. Nilikuwa nasaidia waandaaji, hasa kuchagua mchezo bora wa siku, kazi ambayo walinipa kwa sababu kila mtu alijua natembea na mashine. Jirani alicheza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifika raundi ya mwisho akiwa juu kabisa. Aliyebaki mbele yake alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwenye miwani na adabu, ambaye alikuwa amewafagia wote.

Kanuni zetu kuhusu simu zilikuwa za kienyeji. Ikilia ukumbini umeshindwa, basi. Hakuna aliyefikiria kuandika chochote kuhusu mtu anayetoka nje, kwa sababu watu hutoka, wanaenda msalani, wanavuta hewa. Katikati ya mchezo ule jirani alihisi simu ikitetemeka kwenye koti. Kwa mtu mwingine ingekuwa jambo la kupuuza. Lakini kwake Jumamosi ndiyo siku ng'ombe wanaugua, maana watoto wasio na shule ndio wanaochunga, nao wanalisha popote. Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama chini ya ukingo wa paa, kichwa kimeinama kwenye skrini, anasogeza vidole. Na kama nilivyomwona mimi, nusu ya ukumbi ilimwona.

Aliporudi alikaa, akafuta maji usoni, akautazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akamchukua askofu wake na kumtumbukiza kwenye kile kiaskari kilichokuwa kimesimama mbele ya mfalme wa kijana.

Ilikuwa kafara wazi. Askofu mzima kwa kiaskari kimoja. Mfalme akamla, farasi wa jirani akaruka na kumbana, na sasa yule mfalme alikuwa na njia mbili: arudi ndani kwenye kona yake, au apande mbele, atoke nje kabisa, katikati ya maadui. Kijana alifikiri mpaka masikio yakawa mekundu. Akarudi ndani. Baada ya hapo malkia aliingia, na kila mlango ulifungwa mmoja baada ya mwingine, mpaka kijana akamlaza mfalme wake chini.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha jirani na nilikuwa na machozi, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikuwa nimemtazama mtu huyu akitoa kete zake bure tangu tukiwa watoto, nikimcheka, na siku hiyo kila kitu alichotoa kilimrudia. Alinigeukia, uso wote umefunguka. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya arusi yake.

Kijana alimpa mkono. Halafu akaenda kwenye meza ya waandaaji, akaongea kwa sauti ya chini, na nikaona mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, anavua miwani. Kijana hakutukana mtu. Alisema tu alichokiona, kwamba mtu alitoka na simu na kurudi na hatua kama ile.

"Mwalimu, hiyo si move ya mtu," alisema. "Hiyo ni ya engine."

Habari ilienea ukumbini kabla mwenyekiti hajasimama. Nyuma kabisa mtu alitamka kwa Kiswahili safi, ili wote tuelewe, kwamba watu wa kule wanajulikana kwa ujanja. Hakusema kule ni wapi. Nimekaa katika eneo hili maisha yangu yote na nilijua, na jirani alijua pia, kwa sababu aliinamisha kichwa na kuanza kupanga kete upya bila haja.

Aliitwa mezani. Akatoa simu yake mwenyewe, akaonyesha picha aliyotumiwa: ng'ombe aliyefura upande wa kushoto mpaka ngozi imekaza. Alieleza kwamba alimwambia mwenye ng'ombe amnyweshe mafuta ya kupikia na amtembeze, asimwache alale. Walimwamini kuhusu ng'ombe. Lakini mmoja wao alisogeza kidole kwenye skrini na kukuta mashine pale pale, kando ya picha, programu ileile niliyomwekea mimi kwa mkono wangu nyuma ya magunia. Mtu anaweza kumtibu ng'ombe na bado akaibia mchezo, walisema, na hawakuwa wamekosea.

Mwenyekiti alieleza kitakachofuata kwa upole wote. Wakiridhika kwamba alisaidiwa, ushindi utafutwa na jina lake litapelekwa kwa vyama vyote vya kaunti jirani asicheze tena. Mimi niliwaza Ndanai. Wakulima wanaacha uhai wa mnyama wao kwenye neno la mtu huyu mmoja, na wanainunua dawa kwenye chupa ambayo hawawezi kujua ndani yake kuna nini. Akiitwa mwizi wa mchezo Jumamosi, Jumatatu wataanza kuitazama chupa ile mbele ya jua. Duka lile lisingemaliza mwaka.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. Akaniomba, madam, niuingize mchezo wote kwenye mashine yangu, hatua kwa hatua, ili waone kama hatua za daktari ndizo mashine ingechagua. Lilikuwa ombi la busara. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningeomba hilohilo.

Jirani alinishika kiwiko tulipokuwa tunasubiri skrini iwake.

"Weka tu, jirani," alininong'oneza. "Hii itaikubali. Hii moja itaikubali."

Hapo niliona kwamba hakuwa ameelewa. Mashine ikiikubali ile kafara, yeye ni mwizi. Ikiikataa, yeye ni mtu mwaminifu na mchezo mzuri kuliko yote ya maisha yake ni takataka. Hapakuwa na jibu la tatu. Yeye alikuwa amesimama pale, jina lake likiwa kwenye mizani, na bado alichokitaka zaidi ni simu iseme amecheza vizuri.

Niliingiza hatua. Za mwanzo zilikuwa sawa, namba ikicheza karibu na sifuri, watu wawili wanaocheza kwa heshima. Nikafika kwa askofu. Mashine ilihesabu kidogo, halafu namba ikaanguka, ikaendelea kuanguka, na alama mbili za kuuliza zikatokea kando ya hatua yake. Nilibonyeza nione jibu. Mfalme anapanda mbele. Ile njia ya pili ambayo kijana aliiogopa. Anatoka nje, anasimama pale katikati ya maadui, na hakuna anayeweza kumgusa. Hatua chache baadaye mweupe, yaani jirani, hana kitu, ameishiwa.

Nilikuwa na muda mfupi ambao skrini ilikuwa yangu peke yangu. Nilifikiri kusema tu kwamba si hatua ya mashine, nizime simu, yaishe. Na nilianza hivyo. Niliwaambia, mashine isingecheza hivi. Lakini kijana, kwa haki yake, akaomba aone, maana neno la rafiki wa mshtakiwa lina uzito gani? Mwenyekiti akakubali. Kulikuwa na projekta iliyotumiwa na kanisa moja kwa maneno ya nyimbo, na mtu akaiunganisha kwenye simu yangu, na ubao wa jirani ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa gereji.

Nilionyesha yote. Nikajiambia, ukiwa unaonja, onja. Nilimpandisha mfalme mbele ukutani, nikaonyesha farasi anavyokosa pa kwenda, malkia anavyozunguka bure, namba inavyozidi kushuka. Sauti yangu ilikuwa ileile ninayotumia kiwandani ninapoeleza kwa nini gunia fulani halifai.

Kijana ndiye aliyeelewa kwanza. Alijipiga paji la uso, akacheka kwa furaha ya kweli, kwa sababu sasa alijua hakushindwa na kitu chochote isipokuwa woga wake, na woga unatibika. Akaja akamwomba jirani msamaha mbele ya wote. Wengine walicheka pia, kicheko kizuri cha watu waliofunguliwa kutoka kwenye jambo baya. Mzee mmoja akasema kumbe hata huku kuna watu wanaobahatisha kama magwiji. Wakaanza kuzipanga kete kwenye meza nyingine, kila mtu anataka kumpandisha mfalme kwa mkono wake, na hata watoto wakaona ilivyo rahisi. Mwenyekiti akatangaza kwamba daktari ni msafi na kikombe ni chake.

Alikipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Alishukuru waandaaji. Hakuutazama ukuta hata mara moja, na ulikuwa bado unawaka.

Nilimkuta nje, pale pale chini ya ukingo wa paa. Mvua ilikuwa imepungua na ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye michai. Alikuwa ametoka kuongea na mwenye ng'ombe, akaniambia tumbo limeshuka na mnyama ameanza kucheua. Nikasema afadhali. Nikasema pia kwamba ningefanya nini, wangemmaliza, na duka, na watoto. Niliongea sana, na mimi si mtu wa kuongea sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe kwapani.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Ulinitetea, najua. Lakini jirani, wakati walikuwa wananiita mwizi, wote humo ndani waliamini ile move ni nzuri. Ulisikia yule kijana? Alisema si ya mtu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi bado naiamini. Nilikuwa na machozi nyuma ya kiti chake na machozi yale hayakuwa ya uongo. Lakini nilikuwa nimeona namba, na yeye alijua nimeiona, na simu ilikuwa mkononi mwangu bado ina joto. Kwa hiyo nikaitia mfukoni. Akaniuliza kama nimebeba mwavuli.

Nimelifikiria jambo hili zaidi ya ninavyopenda. Sioni nilipokosea, na mtu akiniambia niyarudie nitayarudia yote, mpaka ile projekta. Jina lake ni safi kila mahali kuanzia Sotik mpaka Mulot. Wakulima wanapiga simu kama kawaida. Yeye mwenyewe hajawahi kunilaumu, na mkewe ananikumbatia kuliko zamani.

Na Jumapili bado naenda. Kitabu hatukifungui tena, anasema macho yanamsumbua, kwa hiyo tunacheza tu sisi wawili. Amekuwa mzuri sana. Anakaa na kete zake zote, anazilinda, anangoja nichoke, kisha ananikamua polepole mpaka sina pa kwenda. Mwezi uliopita nilimwachia mfalme wangu wazi kwa makusudi, kona nzima bila mlinzi, na askofu wake akitazama moja kwa moja pale. Aliona. Mkono wake ulikwenda mpaka juu ya askofu, ukakaa hapo hewani, halafu ukarudi ukasogeza kiaskari cha pembeni hatua moja. Nilipofika nyumbani niliuingiza mchezo kwenye mashine, nayo ikakubaliana naye kila hatua.